Ubao wa Tatu

Walinijia na vipimo, nikadhani wanataka jeneza.
Hatua tatu kwa nne, akasema Kabahenda,
"lakini Araali, nataka sakafu inayojibu."
Miaka ishirini na sita nachonga vitanda hapa Fort Portal,
hakuna aliyewahi kuuliza kama kitanda changu kinajibu.

Nikagonga mvule kwa kifundo cha kidole: ukanyamaza kama mdaiwa.
Nikagonga msizi: ukasema.
Nikauinua juu ya viunzi, chini nikaacha uwazi wa kimo cha debe,
maana ngoma ni tumbo, si ngozi peke yake.

Mgeni alivaa viatu vilivyopigwa misumari,
midogo, mingi, kama mtama uliomwagika.
Remedios. Kabla chai haijapoa tulishampa empaako, Abwooli;
mtu asiye na empaako utamsalimu vipi?
Alipiga makofi kuhesabu, na hesabu yake haikuanza na moja.
Ilianza na kumi na mbili.
Vijana wakacheka.
Mimi nikaona sawa kabisa:
saa kumi na mbili jua hutoka,
saa kumi na mbili huzama nyuma ya Rwenzori,
mlango ule ule.

Kugonza akajifunga ebinyege miguuni, mbegu zikaanza kulalamika.
Njuga zilitaka vumbi. Visigino vilitaka mbao.
"Unachelewa." "Wewe ndiye unayewahi."
Siku tatu, kama mume na mke
wanaovuta mbuzi mmoja kwa kamba mbili.

Kabahenda, aliyesomea Kampala ile dansi
ya kuanguka na kuinuka bila kuomba radhi,
akalala chali katikati yao, akasikiliza kwa mgongo.
Nyakato mchoraji akasaga mkaa wa jiko,
akaunyunyiza juu ya msizi wangu niliousugua kwa msasa usiku kucha.
Nikatoka nje. Nikavuta sigara mbili.

Usiku wa onyesho ubao wa tatu ulilegea.
Niliusikia kabla ya wote: tak, halafu mtetemo,
nusu mti, nusu njuga.
Aibu ikanipanda shingoni. Nikashika nyundo.
Kugonza akarudi palepale. Akapiga tena.
Abwooli akageuza kichwa, sketi mkononi,
akaja kwa kisigino kimoja, taratibu,
kama mtu anayejaribu ufunguo.
Ukajibu.
Wakabaki hapo, wote wawili, juu ya kosa langu,
na Kabahenda akasogea kwa magoti, weusi wa mkaa hadi mapajani,
akaweka sikio.

Nyundo nikaikalia.

Baadaye mwenye hoteli alinunua mbao zote, azifanye meza.
Zote, isipokuwa moja.
Hiyo ni kizingiti cha karakana yangu, sijaipiga randa;
vitundu vya misumari vimejaa mkaa bado.
Asubuhi mteja wa kwanza akiikanyaga, hulia,
nami, kabla ya kuuliza ni kitanda au kabati,
nasema moyoni: kumi na mbili.