Kabati Limehama

Jumatatu, Nyanzala akiwa Urambo kwa mdogo wake aliyejifungua,
niliamka nikalitazama kabati,
nalo likanitazama.
Miaka kumi na tisa limesimama palepale,
mgongo wake umeliziba dirisha la mashariki,
kwa sababu tu fundi aliyelileta alichoka,
akalitua, akaomba maji,
nasi tukadhani hapo ndipo pake.

Nikamwita Shija, kijana wa nyumba ya pili.
"Mzee, mnahama?"
"Tunahama, ila hatutoki."

Tukatoa kwanza vikombe vya wageni,
vile vya maua ya bluu, ambavyo mgeni wake hajafika bado,
kisha sahani, kisha birika lisilo na kifuniko,
kisha kifuniko, kumbe siku zote kilikuwa nyuma ya sahani.
Tukasukuma.
Likalia kama ng'ombe anayekataa kuvuka reli.

Nyuma yake:
penseli ya Sumbo, ya darasa la pili
(sasa yeye ndiye anayewagawia penseli watoto wa Sikonge),
buibui na ukoo wake,
sarafu ambayo duka lolote hapa Isevya litaikataa,
na kete nyeusi ya drafti
iliyonifanya nimwite Kapufi mwizi mbele za watu.
Kapufi, kama bado uko Nguruka, nisamehe.
Ilikuwa hapa.

Dirisha lilikuwa limegandana na rangi.
Nikalipiga kiganja mara mbili;
mara ya tatu asubuhi ikaingia bila hodi,
ikatandaza mkeka wake juu ya saruji nyekundu,
na paka, ambaye hakubeba hata kijiko,
akawa wa kwanza kuulalia.

Shija nilimlipa maandazi matatu. Alidai manne.

Kochi kubwa nikaliegemeza ukutani,
kiti cha Nyanzala nikakigeuza kiutazame mwanga.
Vitambaa vyake nikavirudisha kimoja kimoja,
nikahesabu vishada kama nilivyohesabu vifungo
enzi zangu cherehani ikiwa bado yanisikiliza.
Kisha nikachemsha maji.
Nikashusha kikombe chenye maua,
nikatia asali ya nyuki wadogo,
nikajikaribisha.
Nami nikashukuru, nikakaa, nikawa mgeni mwenye adabu.

Jirani alikuwa anakaanga karanga.
Treni ilipiga honi kule stesheni, ikanyamaza.
Nilivua ndala, nikaweka nyayo kwenye ubaridi wa sakafu.
Hakuna jambo lililotokea hadi saa sita,
na hilo nalisema kwa majivuno.

Usiku ni habari nyingine.
Saa nane niliamka kunywa maji,
miguu ikafuata ramani ya zamani,
nikaisalimia meza kwa muundi.
Nikacheka peke yangu gizani, nikiushika mguu,
mzee mzima, nimepotea sebuleni kwangu.

Alhamisi Nyanzala akarudi na mfuko wa michembe.
Akasimama mlangoni.
Akavua viatu, ambavyo havuagi,
akazunguka polepole, mikono nyuma,
kama mtu aliyekuja kununua mbuzi na hataki muuzaji ajue.
Chombo cha maua akakisogeza shubiri moja kushoto.
Nikameza mate.
Akakaa.
Jua la jioni lilikuwa upande wa pili wa nyumba,
lakini uwazi ule ulikuwepo, na mpapai wa jirani ndani yake,
na kipande cha mbingu kilichokatwa vizuri, bila kupinda.

"Nani kakuletea dirisha?"

Nikasema lilikuwepo.
Akasema, "Lete chai. Katika vile vya maua."
"Vya wageni?"
"Hao wageni wana miaka kumi na tisa njiani, Mihambo.
Wakifika, tutaosha."

Tukala michembe kwa karanga hadi giza likaingia.
Paka tu ndiye hajakubali yote:
mchana hulala dirishani,
lakini usiku hurudi kujikunja
katikati ya alama nne za miguu ya kabati,
akilinda kitu ambacho sisi hatukioni.