Hasara ya Mwaka wa Kumi na Moja

Ofisi yetu iko juu ya duka la vipuri, Kijitonyama:
chumba kimoja, feni moja,
na meza tuliyorithi kwa asasi iliyokufa.

Kokushubira anasoma kwa kidole,
mstari kwa mstari, ukurasa wa mia mbili na sita.
Mauzo ya dhahabu. Gharama za uendeshaji.
Ada ya ushauri, kwa kampuni dada.
Riba ya mkopo, kwa kampuni mama.
Ada ya kutumia jina, kwa kampuni nyingine
ambayo Lusajo ameibatiza shangazi.
"Huu si mgodi," anasema Koku, "huu ni ukoo.
Na ukoo mzima unaishi kisiwani,
kisiwa ukikigusa kwenye ramani
kidole kinakifunika."

Chini kabisa, ndani ya mabano:
hasara.
Mwaka wa kumi na moja, hasara.
Pa kodi ya mapato
pana kistari kifupi, kama mtu aliyefumba mdomo.

Saa saba Sikudhani anapanda ngazi na hotipoti,
wali, maharage, matembele.
Alfajiri alishalipa ushuru wa meza yake;
karisiti kamefifia wino kwa jasho,
amekafunga kwenye pindo la khanga.
Anatuuliza kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Haya, leo mmefukua nini?"

Koku anaeleza. Mimi natafsiri,
nahangaika kutafuta neno la Kiswahili
la ujanja uliovaa tai.
Anatua sahani.

"Hasara miaka kumi na moja?"
"Kumi na moja."
"Na bado wanachimba?"
"Wameongeza mitambo."

Anacheka mpaka anaegemea mlango.
"Mimi nilipata hasara mwezi mmoja tu, masika yale,
nikauza sufuria kubwa, nikauza na mfuniko.
Mtu wa hasara namjua anavyotembea.
Huyo wenu haonekani hata kuchechemea."

Tulikuwa na ripoti ya kurasa tisini,
dibaji, shukrani, orodha ya vifupisho.
Usiku ule nilifuta dibaji yangu
nikaandika alivyosema, na jina lake, kwa idhini yake.

Sikufichi, tumeshakaa semina nyingi:
juisi ya boksi, posho, picha ya pamoja,
kisha kila mtu na mkoba wake mpya,
na mrabaha pale pale ulipokuwa.
Kwa hiyo siku ya mkutano, ukumbini Posta,
sikutarajia kitu.
Wakili wa kampuni alizungumza vizuri mno.
Mkataba una kifungu cha siri, alisema.
Mahesabu haya ni magumu kwa mwananchi wa kawaida.

Lusajo akasimama, mdogo kuliko wote,
shati la kuazima, mikono mirefu kuliko mikono yake,
akaweka karisiti mezani.
"Huyu analipa kila siku, na haiitwi siri.
Tunaomba ukurasa wa mia mbili na sita
usomwe kwa sauti."

Kiyoyozi kikanguruma.
Ofisa wa mapato, mstari wa nyuma,
alitoa kalamu, akaandika kitu, akakipigia mstari.
Ndiyo hivyo tu.
Waliahidi majibu kwa maandishi.

Ni miezi minne sasa.
Imekuja barua moja: suala linafanyiwa kazi.
Koku kaifaili. Kafungua kitabu cha mgodi mwingine,
kidole juu ya mstari wa kwanza.

Saa saba, ngazi zinalia.
"Wamejibu?"
"Bado."
Sikudhani anafunua daftari lake la madeni
katikati ya meza, kama kawaida yake,
kila mtu ajisome mwenyewe:
Koku, sahani mbili.
Lusajo, sahani moja na maji.
Mimi, tangu Jumatatu.