Kona ya Tatu

Aliileta kompyuta ndani ya gunia la viazi,
kaifunga kamba mara nne kama mzigo wa kwenda Tunduma.
Anyosisye. Semi miaka ishirini na miwili
mpaka goti likagoma.
Sasa anaendesha lori la kwenye skrini,
asubuhi na mapema, na koti lake la kazini,
maana Mbeya mwezi wa saba
hata kipanya ni kokoto ya mtoni.

"Kona ya tatu," akaniambia, "barabara inakatika."
Si shimo. Si daraja lililochukuliwa na maji.
Lami inaisha kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi,
chini yake bluu tupu,
miti inaelea, mizizi juu,
ng'ombe kasimama ndani ya ng'ombe mwenzake.
Halafu picha inaganda,
injini inanguruma sekunde tatu zaidi,
na gemu linakufa bila kuaga.

"Kila mara nakanyaga breki. Mguu unakwenda wenyewe."
Nikautazama mguu.
Ule mbovu.

Nikaanza na yale tunayoanza nayo:
zima, washa, sala ya fundi isiyo na amina.
Nikafuta draiva, nikavuta mpya,
bando likakata kwenye asilimia tisini na moja,
nikakimbilia vocha hadi Kabwe na aproni yangu.
Kona ya tatu: bluu.

Nikafungua kasha.
Feni ilikuwa imevaa sweta,
vumbi jeupe, laini, lisilofanana na vumbi la Mwanjelwa.
Nikalionja. Msinicheke.
Sembe.
"Unakaa wapi, baba?"
"Uyole, chumba cha uani.
Ukuta mmoja na Subilaga, mwenye mashine ya kusaga."

Nikapiga brashi, nikaipaka kadi ya picha dawa mpya ya joto.
Siku mbili lori likazunguka dukani kwangu bila kikohozi,
kona ya tatu ikawa kona kama kona nyingine,
lami mpaka mwisho wa macho.
Elfu kumi na tano. Nikajisifu kimoyomoyo.
Jumatatu simu: "Tusekile, imekufa tena.
Safari hii hata barabara haikukatika."

Nikamfuata na begi la bisibisi.
Kitanda kimetandikwa kama cha kwenye kabini,
tukakaa ukingoni, akashika usukani, nikashika kalamu.
Kona ya kwanza.
Ya pili.
Ukutani kitu kikakohoa, kikavuta pumzi, kikanguruma,
taa ikafumba jicho,
debe la kwanza la siku likaanza kuliwa
na skrini ikawa nyeusi.

Tukatazamana.
Siku zote hizi natafuta kosa ndani ya kasha
kumbe lina foleni huko nje,
lina ndoo na kanga na watoto mgongoni,
linafungua saa mbili kamili.

Stebilaiza ni elfu sitini. Hana.
Na nani atamwambia Subilaga asisage
ili lori la hewani lifike?
Nikampunguzia mashine mzigo:
vivuli nikavizima,
majani ya kandokando nikayafyeka yote,
nikafika kwenye ukungu, akanishika mkono.
"Ukungu acha. Kitonga bila ukungu, hiyo ni Kitonga gani?"
Nikauacha. Kidogo.

Sasa anasafiri usiku, kama zamani,
mashine ikishafungwa na unga umetulia.
Juzi kanitumia ujumbe: amefika, mzigo haujamwagika.

Yule ng'ombe tu ndiye amenishinda.
Bado yuko ndani ya mwenzake, kilomita ya arobaini,
miguu minane, mikia miwili, hana habari.
Anyosisye akimkaribia
anapunguza mwendo
na kupiga honi.