Akina Serikali

Kwetu Lushoto tulijidai tunaijua baridi:
sweta mbili, kuni za mkaratusi, chai ya tangawizi.
Iqaluit ilinigandisha ndevu kati ya ndege na teksi.
Kumbe nilikuwa nimelishika jina lake tu.

Kazi yangu ni joto. Nakagua mabomba ya Bunge,
na bomba, likitulia, hupitisha sauti.
Hivyo serikali ya eneo hili nimeisikia
kutokea chini, palipo na vumbi na geji.

Eneo lenyewe laimeza Tanzania mara mbili na bado lina njaa,
lakini raia wake wote
hawaujazi uwanja wa Temeke siku ya Simba na Yanga.
Hakuna barabara kutoka mji hadi mji.
Ni ndege, au kusubiri.

Siku ya kwanza nilipanda juu kuitafuta rangi:
ya fulana ya bure, ya kofia, ya khanga ya mgombea,
ile inayokwambia jirani yupi usimsalimie mpaka uchaguzi upite.
Sikuiona. Hawana vyama.
Wabunge ishirini na wawili, duara, viti vya ngozi ya sili,
na kibanda cha kioo anamokaa Malaija, mkalimani,
akimeza lugha moja huku akitoa nyingine, bila kupumua.

Kulikuwa na mbunge jina lake Ulipika.
Msinicheke. Ndivyo wanavyoitana huku,
na kila Spika alipomwita
mimi chini kwenye mabomba nilijibu: nini?

Siku ile alipika hoja.
Meli ya mwaka, moja tu, barafu ikiachia,
ilileta kijijini kwake madawati mia mbili
kwa shule ya watoto sitini,
na haikuleta pampu ya maji.
Alimtaja Waziri kwa jina, Qaapik,
aliyemwoa dada yake.
Hakupaza sauti. Alisoma ankara mstari kwa mstari,
kama mtu anayetoa miiba ya samaki mdomoni.
Mikono ikanyooshwa. Kumi na mmoja. Kumi na wawili. Kumi na watatu.
Qaapik akakusanya kalamu zake,
akaacha kiti cha mbele, akakaa cha nyuma.
Alihama kiti; pengine pa kuhamia hapakuwapo.

Usiku dhoruba ikaufuta uwanja wa ndege.
Siku tatu hakuondoka mtu, mshindi wala mshinde.
Hita ya chumba cha wageni ikakohoa, nikaitwa,
nikawakuta sakafuni, boksi limetandazwa kama mkeka,
paja la nyama limeganda kama gogo,
Ulipika akilikata kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga,
Waziri wa jana akipokea vipande
na kuuliza goti la mama mkwe linaendeleaje.
Mnyama yule huitwa karibu;
sikungoja kuambiwa mara mbili.
Baridi, kisha damu, kisha utamu.
Ulipika nini? Hakupika kitu. Tulikula mbichi.

Sisemi ni pepo. Pampu haijafika hadi leo.
Kijijini kwake mvulana bado anavuta madumu juu ya theluji,
na kuna nyumba wanalala watu kumi na mmoja, kwa zamu.

Ila kwetu tunalichezea neno: serikali, siri kali.
Huku siri utaificha wapi,
na waziri yuko mbele yako dukani, amebeba nepi,
akiiguna bei ya maziwa kama wewe?

Nilimuuliza Malaija wao wanaiitaje.
Gavamakkut, akasema. Hilo gavama ni la wageni,
lakini kile kimkia, kkut, ni chetu:
fulani na watu wake, fulani na wa nyumbani kwake.
Nikamwambia: akina. Akina Serikali.
Akajaribu ulimini: Serikalikkut.
Akacheka mpaka akavua vidude vya masikioni.

Kisha geji ikashuka, nami nikateremka.
Bombani walikuwa wameshaanza tena:
ankara, pampu, meli.