Milimita Tatu

Mimi ni fundi wa mikeka, Kanazawa,
kichochoro cha nyuma ya soko la kaa.
Miaka arobaini na mmoja nimepiga magoti
kama mtu anayeomba, nami siombi: nashona.

Mkeka wa Kyoto ni mrefu kuliko wa Tokyo.
Ukiambiwa chumba cha mikeka sita,
uliza kwanza: sita ya wapi?
Baba alinifunza hilo kabla hajanikabidhi sindano.
"Chumba hakina pembe nne, Tokue.
Kina pembe moja moja, kila moja na ukaidi wake."

Goti la kulia ndilo lililotangulia kunisaliti.
Wakalikata Machi, theluji ingali juu ya paa,
wakatia chuma na plastiki, saizi ya nne,
maana ya tatu ilionekana ndogo
na baina ya tatu na nne kabatini hamkuwa na kitu.
Eksrei ilipendeza. Kila mtu aliisifu.
Wao walilala na picha. Mimi nililala na goti.

Wiki ya sita, digrii themanini na tano.
Wiki ya kumi, themanini na tano.
Hayato, kijana wa mazoezi,
alinikunja kama mwavuli ulioshika kutu,
akaniambia, kwa adabu, kwamba nina woga.
Woga!
Mimi niliyejidunga sindano hadi mfupani
nikamaliza ukingo kwanza.

Nikishuka ngazi, kitu upande wa ndani
kilisaga nyama,
kama mkeka uliozidi chumba ukabenuka mlangoni:
kila apitaye anajikwaa,
na mwenye nyumba anasema, ni miguu yenu.

Daktari Igarashi, wa hospitali nyingine,
ndiye aliyeweka rula juu ya picha.
Akanyamaza. Akaipima tena.
"Chuma kimechomoza nje ya mfupa. Milimita tatu."
Nikacheka mpaka muuguzi akaja mbio.
Kwa milimita tatu
Baba alinifumulisha kazi ya siku nzima.

La kushoto alilifanya yeye, Novemba.
Nikamuuliza: utapima kabla, au ukishafika ndani?
"Kabla. Na ndani. Halafu tena ndani."
Nimeambiwa alijaribisha saizi tatu za muda,
akikunja, akinyoosha, akizisikiliza kano
zisikaze kama uzi wa gitaa,
zisilegee kama kamba ya kuanikia;
mwisho akachagua ile nyembamba,
iliyochongwa kwa mifupa isiyo mipana.

Wiki ya sita, digrii mia na kumi na mbili.
Sisemi ni saizi peke yake.
Mara hii nilijua mazoezi,
nilikuwa na barafu tele na hasira kidogo.
Lakini nilishuka ngazi nikiwaza chakula cha mchana,
na njiani sikuwaza goti.

"Na kupiga magoti?" nilimuuliza.
"Hapana. Hata kwa hili zuri."
Alisema hivyo akiwa amesimama,
nikamheshimu kwa kutokaa.

Leo tulikwenda Nanao kupima chumba.
Mpwa wangu Shunpei alisema, ni cha kawaida,
tuagize sita zilizo tayari, turudi mapema.
Nikampa futi.
Nikasimama mlangoni na magoti yangu mawili,
moja mpangaji, moja mgeni asiyeaga.
Akainama pembe ya kwanza, ya pili.
Ya tatu akapima, akakunja uso, akapima upya.

Sikumuuliza imezidi ngapi.
Nilikuwa nayasikiliza magoti yake juu ya mbao:
mabichi, hayana sauti.