Tik

Mosonmagyaróvár, mji wa meno.
Waaustria huvuka mpaka asubuhi, mashavu yamevimba,
hurudi jioni wakicheka kwa kujihadhari.
Mimi siwaoni. Mimi ni wa chumba cha nyuma,
mimi na tanuri na karatasi ya oda:
Bwana Leitgeb, Linz. Juu, kushoto, la pili.
Hupuliza tromboni. Dhahabu hataki, bei.

Basi kobalti na kromi.
Metali bishi, inakula visagio vyangu,
lakini kauri inapoiva juu yake
yenyewe haipindi, hailegei, haitoi hata jasho.

Fundi Gáspár, aliyenifunza, alipenda kusema
metali na kauri ni mume na mke.
Alikuwa ameachika mara mbili.
Nilimwachia maneno yake.

Ninalojua ni hili: vyote hutanuka motoni,
vyote hunywea vikipoa,
na metali sharti inywee zaidi, kidogo tu,
unywele uliopasuliwa mara kumi,
ili kauri ibaki imebanwa.
Kauri hustahimili kubanwa. Ukiivuta, imekwisha.

Kwanza naichoma metali peke yake
mpaka ivae kutu nyembamba, rangi ya njiwa.
Kutu hiyo ndiyo gundi. Ikizidi,
kauri hubanduka kama chokaa kwenye ukuta mbichi.
Dhahabu haishiki kutu, na huko nje wanaisifu kwa hilo;
humu ndani ni kasoro,
hutiwa bati kidogo, indi kidogo,
ijifunze kuchakaa.
Fedha nayo huvukia motoni kimyakimya
ikaachia jino ukijani wa maji ya dimbwi.
Nikeli tuliifukuza
mwaka ule mikono ya Borbála ilipotoka malengelenge.

Majira ya baridi yaliyopita nilibadili kauri
bila kusoma tarakimu baada ya nukta.
Jino likatoka zuri, zuri la kuonyesha watu.
Nikaliweka kwenye sinia, nikavaa koti, nikazima taa.
Tik.
Nikawasha. Ufa, kutoka shingoni hadi nchani,
kama unywele ndani ya supu.

Tangu hapo nikishazima taa siondoki.
Nasimama na koti langu gizani, nahesabu.
Nikifika mia bila kusikia kitu, nakwenda nyumbani.

Leo, Bwana Leitgeb,
nimefika mia na arobaini.