Kikono

Nilihesabu kurudi nyuma kwa kalenda ya jikoni,
ile yenye doa la divai.
Tarehe sita Oktoba: nilibeba kreti kumi na moja za zabibu.
Tarehe tisa: nilimfokea Gocha, deni la trekta.
Tarehe kumi na mbili: kikohozi, vijiko viwili vya dawa
yenye maandishi ya Kirusi.
Ipi kati ya hizo, daktari? Taja moja niibebe.

Daktari Lamara hakutaja.
Aligeuza risiti ya duka la dawa, akachora mrija.
"Moyo huanza hivi. Siku ya ishirini na mbili unapiga,
na bado hauna vyumba, hauna milango,
una haraka tu."
Mrija hurefuka kupita nafasi uliyopewa,
hujikunja kuelekea kulia
kama mtu mrefu kwenye kitanda kifupi.
Kuta huota pande mbili, zikitafutana gizani.
Na kutoka kisogoni hushuka seli, wasafiri wasio na ramani,
kuja kuigawa njia moja ya damu:
huku mapafuni, huku mwilini.
Ukuta huo sharti ujisokote unaposhuka.

"Kama kikono cha mzabibu kwenye waya," nikasema.
Kalamu ilisimama. Alinitazama kwa mara ya kwanza.
"Ndiyo. Wa Nukri ulishuka wima."

Wima.
Neno ambalo mwalimu wangu alilitumia kunisifu.

Basi damu nyeusi ilizunguka mwilini bila kuonana na pumzi,
nyekundu ikaenda mapafuni, ikarudi, ikaenda,
ndugu wawili walionuniana, kila mmoja na njia yake.
Kitundu kati ya vyumba,
ambacho kwa watoto wengine huzibwa na kilio cha kwanza,
hicho ndicho kilichomfikisha Tbilisi akiwa hai,
midomo rangi ya zabibu zetu.
Sikutaka kufananisha. Nilifananisha.

Kwa nini haukujisokota?
"Hatujui. Mara nyingi hatujui.
Alikuwa mdogo kuliko punje, Eteri.
Hata wewe hukujua kwamba yupo."

Nilikuja na kikapu kitupu cha hatia,
nikaondoka nacho hivyo hivyo, na kilikuwa kizito.

Sasa ana miaka sita. Kovu linateremka kifuani,
wima nalo.
Hupita kwenye mizabibu akivuta vikono
ili avione vikirudi kujikunja. Namkataza. Haachi.

Risiti ninayo. Upande wa pili:
pamba, nepi, lari kumi na nne.